Nilivyowaua samaki wa Mama Mkubwa kwa usafi wangu

TRENI ya umeme ikishaiacha Ngerengere, abiria waliokaa upande wa kushoto huanza kutoa simu. Milima ya Uluguru hujitokeza taratibu: kwanza kama wingu zito lililokaa chini, halafu mikunjo ya kijani, halafu mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko. Tangu safari za Dar es Salaam na Morogoro zianze Juni 2024, mtu anaweza kunywa chai Dar na kuiwahi supu Msamvu.

Siku hiyo mimi sikupiga picha. Nilikuwa nimepakata mfuko wenye glovu za mpira, kipande cha chandarua chakavu na vifuniko vya plastiki vya chupa za maji vipatavyo 400, nilivyovikusanya kwa miezi miwili kazini na kwenye harusi za watu. Nilikuwa nawaza nitamwamkiaje Mama Mkubwa.

Mara ya mwisho nilipolala kwake, Bigwa, niliondoka nikiwa nimewaua samaki wake wote isipokuwa kumi na mmoja.

Bigwa iko upande wa mashariki wa mji, pale milima inapokuja karibu kabisa na nyumba za watu. Wenyeji husema Morogoro ni mji kasoro bahari, yaani kila kitu kipo ila hiyo. Ukikaa uani kwa Mama Mkubwa asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika Bondwa na minara yake ya mawasiliano, hata hiyo bahari huioni kama pengo. Kuna migomba, mwembe mmoja mkubwa, kuku wasiosikia, na sauti ya maji yanayoanguka kutoka kwenye bomba kuingia bwawani. Sauti hiyo ndiyo niliyoikosa asubuhi zile mbaya, na nitaieleza.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kiwanja alikipata upande wa bibi. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, jambo analolikumbusha kila akitokea mgeni wa kiume mwenye maneno mengi. Alipostaafu alijenga bwawa la tofali na saruji, urefu mita nne, upana mita tatu, kina mita moja. "Piga hesabu," huwaambia wajukuu, nao hujibu kwa pamoja: lita 12,000. Akaweka vifaranga 150 vya perege.

Kwa anayetaka kufuga samaki nyumbani, Morogoro ni mahali pazuri pa kuanzia. Kingolwira kuna kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kinafundisha somo hilo na kina mabwawa yake. Ushauri haupo mbali. Shida ni kwamba bwawa dogo la uani, lenye samaki wengi na lisilo na tope la asili chini, haliwezi kuachwa lijisafishe lenyewe kama bwawa la kuchimba shambani. Linahitaji chujio.

Chujio la Mama Mkubwa ni mapipa mawili ya bluu ya lita 200. Pampu ndogo ya umeme huvuta maji machafu kutoka chini ya bwawa. Pipa la kwanza lina vipande vya chandarua na sponji ya godoro la zamani, linakamata kinyesi na masalia ya chakula. Maji yakitoka hapo huingia pipa la pili, lenye kokoto na vipande vya bomba vilivyokatwakatwa, kisha hurudi bwawani kwa kuanguka ili yachukue hewa. Fundi aliyelijenga alimwachia agizo moja: "Pipa la kwanza suuza. La pili liache."

Mimi nikaja na elimu yangu.

Ilikuwa Desemba. Miezi ile nilikuwa naandika sana habari za kipindupindu, na neno klorini nilikuwa nalitamka kama wengine wanavyosema amina. Nikafunua pipa la pili. Kokoto zote zilikuwa zimevaa utelezi wa kahawia, mzito kama uji wa ulezi.

"Mama Mkubwa, huu uchafu ni wa mwaka gani?"

"Fundi alisema usiguswe."

"Fundi ni wa mabomba. Mimi naandika habari za afya."

Sentensi hiyo naikumbuka vizuri mno. Nilivitoa vyote, kokoto, mabomba, sponji, chandarua. Nikavitandaza kwenye sakafu ya kufulia, nikavisugua kwa sabuni ya unga, nikavimiminia jiki, nikasuuza kwa mpira wa bomba mpaka kokoto zikang'aa kama za kaburi la tajiri. Nikapunguza maji ya bwawa, nikajaza mapya moja kwa moja kutoka bombani. Kisha nikapiga picha mbili, kabla na baada, nikazituma kwenye kundi la familia. Nikapewa vidole gumba kumi na saba.

Siku ya kwanza maji yalikuwa maangavu, ukaona mpaka saruji ya chini. Siku ya tatu samaki hawakumaliza chakula. Siku ya nne walijikusanya chini ya bomba, midomo juu, wakihema. Siku ya sita tuliokota 61 kwa ndoo. Mama Mkubwa akazima pampu kwa kudhani ndiyo yenye sumu, na uani kukawa kimya. Tulipofika siku ya kumi walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

Samaki wale walikuwa na kazi. Mjukuu wake wa kike alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari, shule ya bweni. Sare, viatu, godoro, ndoo, vyote vilikuwa vinaogelea mle. Mama Mkubwa alikopa kwenye kikundi chao cha akina mama, mtoto akaenda shule. Kunigombeza hakunigombeza. Alisema tu, "Ulikuwa na nia njema, mwanangu," na nikatamani angenitukana.

Kilichokufa kabla ya samaki

Niliporudi Dar nilisoma nilichopaswa kusoma kabla ya kufunua pipa.

Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia mashavu yake, kila anapopumua. Kinyesi na chakula kilichooza huongeza nyingine. Amonia ni sumu kwake hata ikiwa kidogo sana, na ukali wake huongezeka maji yakiwa na joto na yakiwa na hali ya magadi. Katika mto sumu hiyo husombwa. Katika bwawa la saruji inabaki, isipokuwa kuwe na wa kuila.

Walaji hao ndio waliokuwa kwenye ule utelezi. Kundi moja la bakteria, maarufu wao Nitrosomonas, huibadili amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, huingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba hewa, damu ikageuka rangi ya kahawia. Kundi jingine, kama Nitrospira, huichukua nitriti na kuifanya nitrati, ambayo samaki huvumilia kwa kiwango kikubwa zaidi na migomba huipenda. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria wa aina hii maabara, mwaka 1890 na uliofuata. Wafugaji waliokuja baadaye wamekuwa wakiwatumia, wengi bila kuwajua majina.

Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wengi hujishikiza kwenye kitu, iwe jiwe, sponji au kifuniko cha chupa, wakajijengea utando. Ndiyo maana kokoto na vipande vya bomba hutiwa mle: vinaongeza eneo la wao kukaa. Na wanazaana polepole mno. Bakteria wa tumboni aina ya E. coli, akipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wa chujio huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima, kuongezeka mara mbili. Chujio jipya huchukua wiki nne hadi sita kukomaa, ingawa joto kama la Morogoro hulisaidia kuwahi.

Kwa hiyo jiki yangu iliwaua wale wachelewaji wote kwa dakika kumi, na samaki 150 wakaendelea kutoa amonia ileile ya jana. Maji maangavu niliyoyapiga picha yalikuwa yanakolea sumu isiyoonekana kwa macho.

Nilipomsimulia Mama Mkubwa kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama mtindi." Yeye hugandisha maziwa kwa kubakiza kijiko cha mtindi wa juzi, huo ndio mbegu. Anayeosha chombo na kumwaga mpaka tone la mwisho, kesho ana maziwa yaliyoharibika. Nimehojiana na watu wenye shahada tatu ambao hawajawahi kunieleza jambo vizuri hivyo.

Jambo hili si la samaki peke yao. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua zaidi ya watu 8,000. Mji wa jirani, Altona, uliokuwa umeshikana nao mtaa kwa mtaa, ulipata wagonjwa wachache kwa kulinganisha, ingawa ulivuta maji ya Mto Elbe, chini ya mahali Hamburg ilipomwaga maji yake machafu. Tofauti ilikuwa moja: Altona ilipitisha maji yake kwenye mchanga, taratibu, na Hamburg ilikuwa haijafanya hivyo. Juu ya mchanga ule hujijenga ngozi ya utelezi yenye viumbe hai, na ngozi hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia vimelea. Wanaoendesha machujio ya mchanga ya namna hiyo hukwangua tabaka la juu pale tu maji yanapogoma kupita, kisha husubiri ngozi ijirudishe kabla ya kuyaamini tena.

Sasa, mzazi asije akatoka hapa akasema mwandishi kaikataa klorini. Klorini kwenye maji ya kunywa inaokoa watoto. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka maji yanapofika bombani yawe bado na mabaki ya klorini, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kilo zile zile za faida zinageuka hasara ukizipeleka bwawani, kwa sababu kinachomuua kijidudu cha kipindupindu kinamuua pia bakteria wa chujio, na kinachoma mashavu ya samaki. Shimo la choo nalo ni hivyohivyo: kumimina ndoo za dawa kila wiki kwenye tangi la maji taka ni kuwaua wanaolimeng'enya, halafu unaita gari la kunyonya kabla ya wakati.

Jumamosi ya kuosha

Mama Mkubwa alinipokea mlangoni, khanga begani.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na jiki?"

Mjukuu, sasa kidato cha pili na yuko likizo, akacheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimesamehewa, au angalau nimekuwa hadithi.

Bwawa lilikuwa limejazwa upya muda mrefu. Fundi yuleyule alilifufua kwa njia iliyomfanya Mama Mkubwa akumbuke tena mtindi wake: aliomba ndoo ya kokoto zenye utelezi kutoka kwa jirani mwenye bwawa lisilo na ugonjwa, akazitia kwenye pipa la pili zikiwa bado mbichi. Hiyo ndiyo mbegu. Vifaranga vikawekwa vichache kwanza, vikaongezwa mwezi uliofuata. Siku ile ya balaa, aliniambia, tungeweza kuokoa wengi: kuacha kulisha mara moja, kutoa theluthi ya maji na kurudisha yaliyolala, kutia chumvi ya kawaida kiasi cha kilo moja kwa kila lita 1,000 ili nitriti ipate shida kuingia kwenye damu, na kuiacha pampu ikifanya kazi. Sisi tuliizima.

Safari hii kazi ilikuwa ya mjukuu, mimi nikiwa msaidizi. Kabla ya yote alichomoa plagi ya pampu ukutani. Si kuzima swichi tu, kuchomoa. Umeme na maji uani kwenye watoto si mahali pa kubahatisha.

Akachota ndoo tatu za maji ya bwawani. Hapo ndipo penye siri yote, kama ni siri: vitu vya chujio huoshwa kwa maji ya bwawa lenyewe, kwenye beseni, kwa mkono. Hayana klorini, joto lake ni lilelile waliolizoea. Akatoa sponji na chandarua za pipa la kwanza, akazikamua mara tatu kwenye ndoo ya kwanza, mara mbili kwenye ya pili. Maji yakawa meusi kama kahawa. Mimi mkono ukaniwasha kutaka kuendelea mpaka yatoke meupe, akaniona.

"Dada, inatosha. Maji yakipita, inatosha."

Ndicho kipimo. Hutafuti weupe, unatafuta maji yapite. Sponji iliyooshwa vizuri inabaki na rangi ya kahawia na utelezi kidogo kidoleni. Pipa la kwanza hulifanyia hivyo kila baada ya wiki moja au mbili, kutegemea wanavyokula. Wakilishwa kupita kiasi, kazi inaongezeka. Pipa la pili hufunuliwa kwa nadra, mtiririko unapopungua tu. Na hata hapo hawalioshi lote. Alitoa nusu ya kokoto, akazitikisa kwenye beseni la maji ya bwawa ili tope lidondoke, akazirudisha kabla hazijakauka. Nusu nyingine itasubiri wiki tatu. Ukiyaosha mapipa yote mawili siku moja, hata kwa maji ya bwawa, umewapunguza wafanyakazi wengi mno kwa mpigo.

Alininusisha pia. Tope la chujio zima lina harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua. Likinuka yai viza, hewa haifiki huko ndani, na hapo tatizo ni mtiririko.

Vifuniko vyangu 400 vilikaguliwa kama mzigo bandarini. Vikakubalika. Tulivisuuza bila sabuni, tukavifunga kwenye kipande cha chandarua, tukaviweka juu ya kokoto bila kutoa kitu, ili utando uhamie taratibu. Siku hiyo na iliyofuata samaki walipewa nusu ya chakula.

Maji yaliyopungua yalijazwa na ya bomba, lakini yaliyolala. Mama Mkubwa ana mapipa mawili yasiyofunikwa, nyavu tu juu kuzuia mbu, ambamo maji hukaa siku nzima ili klorini itoke. Hubadili kiasi cha sehemu moja ya kumi, hajazi robo kwa pupa kama nilivyofanya mimi.

Maji yale meusi ya kahawa? Chini ya migomba. Yamejaa mbolea. Mchicha wa kupika unaweza kuyapata kwenye shina; kachumbari, yaani nyanya na majani yanayoliwa mabichi, hapana. Tulivua glovu, tukanawa mikono kwa sabuni, na kila mwenye kidonda mkononi alikaa mbali. Bakteria rafiki wa samaki hawamaanishi kwamba hakuna wengine mle.

Kuna jambo moja zaidi la nitrati linalomhusu mwenye mtoto mchanga. Ile nitriti inayogeuza damu ya samaki kuwa ya kahawia ina mwenzake kwa binadamu: maji ya kisima yenye nitrati nyingi, yakitumika kuchanganyia maziwa ya kopo, huweza kumfanya mtoto wa miezi michache apungukiwe hewa katika damu, akawa na rangi ya bluu midomoni. WHO imeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi nitrati. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inakolea. Kama kisima chako kiko karibu na shimo la choo, zizi au mahali unapomwaga tope la bwawa, peleka maji yakapimwe, na tope hilo lisogeze mbali.

Na wavu juu ya bwawa si pambo. Kwa makadirio ya WHO, watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Wavu wa Mama Mkubwa ni wa nondo nyembamba, umefungwa kwa kufuli, na ufunguo unaning'inia shingoni kwake pamoja na rozari. Chujio lina uzuri wake hapa: huhitaji kufungua wavu kila mara, kwa kuwa mapipa yako nje.

Jioni tulikaa uani tukila perege wawili wa kukaanga na ugali, majani ya maboga kando. Ukungu ulikuwa unateremka tena Bondwa. Mama Mkubwa alinionyesha kwa kidole cha ugali mahali mito inaposhukia, akanieleza kama darasani: maji ya Uluguru huingia Ngerengere, yakajaa bwawa la Mindu linalonywesha mji huu, mengine yakaenda Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotunywesha sisi Dar. "Huko mnakojiita wajanja," alisema, "mnakunywa yetu yaliyopita kwenye majani na udongo." Kisha akaniuliza kama msitu ule juu nao ningependa kuuosha.

Niliwauliza wanavyofanya umeme ukikatika, maana pampu ikisimama bakteria hukosa hewa, na saa chache zinatosha kuanza kuwaua. Mjukuu akanionyesha koki chini ya kila pipa. Umeme ukichelewa kurudi, wanafungua, wanayatoa maji ya pipa yote, kokoto zinabaki zimelowa na kupata hewa kutoka juu. Wasipowahi, basi maji yaliyolala humo hayaruhusiwi kurudi bwawani; yanamwagwa kwanza migombani, ndipo pampu inawashwa. Chupa ya jiki niliikuta chooni, imebandikwa plasta yenye mwandiko wa mwalimu: YA HUKU TU.

Nilirudi Dar Jumapili jioni. Alfajiri ya Jumatano simu ililia, ujumbe kutoka kwa mjukuu kwenye kundi la familia, lenye picha ya giza ambayo ndani yake ungeona tu koki na mguu wenye ndala.

"Umeme ulikatika saa nane usiku. Bibi alisikia bomba limenyamaza, akaniamsha. Nimeshayamwaga. Umerudi saa kumi na moja, nimewasha, wanazunguka wote. Sasa naenda kulala."